Kura ya Masaa ya Ndege

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kwenda Amerika kusomea uuguzi, dada yangu hakuniuliza kama kule kuna baridi, wala kama watu wake ni wema. Alinipigia simu na kuniuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, huyu mtoto atakaa hewani masaa mangapi?"

Aliniita Mwalimu tangu siku nilipoajiriwa, ingawa yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Aliolewa Kitale, katika familia iliyotoka mkoa wa kati zamani ikapata shamba upande wa Kachibora. Mimi nilibaki kwetu Bungoma, nikifundisha jiografia katika shule moja ya upili karibu na Kibabii. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati mtu mwenye simu ya mkononi bado aliivaa shingoni ili asiye nayo aione.

"Masaa ya nini?" nikauliza.

"Ya maombi. Kina mama wa kanisa wamekubali tutaomba kutoka ndege iruke mpaka itue. Lakini mzee wa kanisa anasema hawezi panga zamu bila hesabu. Na hesabu si ni wewe?"

Lazima nikiri hapa kwamba sikuwa nimewahi kupanda ndege. Niliwahi tu kusimama kando ya ua wa uwanja mdogo wa ndege wa Kitale nikiwa mtoto, nikaona ng'ombe wakifukuzwa ili ndege moja ndogo itue. Lakini mtu akishaitwa hesabu, kichwa huvimba. Nikamwambia dada anipe siku mbili, kwa sauti ya daktari anayesubiri majibu ya damu.

Shule yetu ilikuwa na tufe moja la dunia. Muungano wa Kisovieti ulikuwa bado unaendelea vizuri kwenye tufe hilo, na mhimili wake ulikuwa umevunjika, kwa hiyo ilibidi mtu alipakate kama mtoto mchanga. Nilifunga mlango wa ofisi, nikachukua uzi mweusi wa kushonea, nikabana ncha moja Nairobi kwa kidole gumba na nyingine Minneapolis. Mji huo haukuwepo kwenye tufe. Niliukisia, chini kidogo ya maziwa yale makubwa. Uzi ukapita Sudani, ukakata Libya, ukagusa Uhispania, ukavuka Atlantiki, ukateremkia Kanada. Nilipima mara tatu nikapata majibu matatu. Nikachukua lile la katikati: kilomita elfu kumi na tatu na ushee.

Kisha dada akanisomea tiketi kwa simu, tarakimu kwa tarakimu. Ndege ingeondoka Nairobi saa tatu asubuhi, ingefika Amsterdam saa kumi na dakika kumi alasiri. Mtoto angebadilisha ndege, aondoke Amsterdam saa kumi na mbili jioni, atue Minneapolis saa mbili kasoro dakika kumi usiku, siku hiyo hiyo. Nikaongeza tofauti za saa za nchi hadi nchi kama ninavyowafundisha kidato cha pili. Jibu likawa masaa kumi na tisa kasoro dakika kumi: kumi na saba hewani, na karibu mawili ya kungoja Amsterdam.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumapili nikaenda Kitale na tufe langu ndani ya gunia. Kabla ya kufika kwa dada nilipitia mahali pa intaneti, nikalipia dakika kumi ili nihakikishe. Dakika saba ziliisha ukurasa ukijifungua. Hatimaye ukatokea: andika uwanja wa kwanza, andika uwanja wa pili. Mashine ikasema kilomita elfu kumi na tatu na mia moja hivi, ambayo ilinifurahisha sana, halafu ikasema safari ni masaa kumi na sita na nusu, ambayo haikunifurahisha. Ilikuwa inahesabu ndege inayokwenda moja kwa moja bila kusimama popote. Ndege kama hiyo haikuwepo, lakini mashine haikujali.

Mkutano ulifanyika sebuleni kwa dada, baada ya ibada. Walikuwa kina mama kumi na wawili, shemeji yangu aliyekaa karibu na mlango kama mgeni kwake mwenyewe, mpwa wangu aliyekuwa akipitisha chai, na mzee wa kanisa. Mzee huyu alikuwa karani mstaafu wa serikali, mzaliwa wa mkoa wa kati, mtu wa tai hata siku za jua kali. Alistaafu na mhuri wake. Sikuwahi kujua mhuri ule uliandikwa nini, maana wino ulikuwa umefifia, lakini hakuna karatasi ya kanisa iliyopita bila kugongwa.

Nilitoa tufe kwenye gunia, nikaonyesha njia ya uzi. Kina mama wakasogea.

"Mbona apitishwe Sudani?" mmoja akauliza. "Si huko kuna vita?"

"Ndege inapita juu sana, mama."

"Hata risasi inaenda juu."

Nilieleza. Nilifurahi kueleza. Nikafika kwenye masaa kumi na tisa, na hapo mzee akainua mkono kunisimamisha, taratibu, kama askari wa barabarani mwenye adabu.

"Mwarimu, pore kidogo." Herufi zake za l na r zilikuwa zikibadilishana viti bila taarifa. "Mimi niko na tiketi hapa. Tiketi ni dokyumenti. Inasema kutoka saa tatu asubuhi, kufika saa mbiri kasolo kumi usiku. Tuhesabu pamoja." Akahesabu kwa vidole, na kina mama wakahesabu naye kwa sauti, kama darasa la kwanza. "Kumi na moja kasolo dakika kumi. Sasa hayo mengine manane, Mwarimu, umetoa wapi?"

"Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa masaa manane, mzee. Ikiwa saa mbili usiku kwao, huku kwetu karibu kunakucha."

"Kwa hivyo mtoto atafika kesho, ama reo?"

"Leo yao. Kesho yetu."

Nikaona nyuso za watu wakijaribu kwa moyo wote kuniheshimu.

"Ati kesho yetu," mama mmoja akasema polepole. "Mtoto ni mmoja, lakini anafika siku mbili?"

Nikachukua chungwa kwenye meza liwe jua. Nikazungusha tufe, likanitoka mkononi, likabiringika hadi chini ya kabati la vyombo, na ilibidi mpwa wangu alale kwa tumbo kulitoa. Aliponirudishia alininong'oneza: "Khocha, wachana nao." Khocha ni mjomba, upande wa mama, kwa lugha yetu. Lakini mimi nilikuwa nimekuja na gunia kutoka Bungoma, singeweza kuachana nao. Nikataja ile mashine ya intaneti, nikidhani itanisaidia.

"Inasema ngapi?" mzee akauliza.

"Kumi na sita na nusu. Lakini hiyo ni ya ndege isiyosimama."

Mzee akajiegemeza nyuma, ameridhika kama wakili aliyesikia shahidi akijikanyaga. "Mwarimu anasema kumi na tisa. Komputa yake inasema kumi na sita. Tiketi inasema kumi na moja. Ndugu zangu, sisi ni watu wa utalatibu. Tupige kura."

Tukapiga kura. Nimeshuhudia chaguzi nyingi katika nchi hii, lakini hiyo ndiyo pekee ambayo naweza kuapa ilikuwa huru na ya haki. Masaa kumi na tisa yalipata kura mbili, yangu na ya mpwa wangu. Mashine ilipata moja, ya mama aliyekuwa na kijana anayefanya kazi ya kompyuta Eldoreti. Zilizobaki zote zilikwenda kwa kumi na moja. Shemeji hakupiga kura. Dada yangu alinitazama, akamtazama mzee, akainua mkono upande wa mzee. Baadaye jikoni aliniambia, "Usikasirike. Na hao wamama wana watoto na ng'ombe. Nikisema kumi na tisa, watakuja wangapi?"

Mzee aliandika ratiba jioni hiyo. Alitaka kila saa iwe na nchi yake, ili watu wasiombe ovyo, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye tufe, nikalazimika kumsaidia kukata dunia vipande. Saa nne tulimweka mtoto Ethiopia na Sudani. Saa sita Libya, na ombi maalumu kuhusu joto. Saa nane Bahari ya Kati. Kuanzia saa kumi na dakika kumi hadi saa kumi na mbili, mtoto atakapokuwa chini Amsterdam, kulikuwa na mjadala kama ni lazima kuomba mtu akiwa ardhini. Iliamuliwa kwamba mtoto apumzike na wao wanywe chai. Tatizo lilikuja jioni. Kwa hesabu ya tiketi, kutoka Amsterdam hadi Minneapolis zilibaki chini ya saa mbili, kwa hiyo Atlantiki nzima ilipewa dakika hamsini, na Kanada yote ikapewa robo saa. Nikasema hakuna ndege duniani inayoweza kwenda hivyo. Mzee akasema hajawahi kuweka mipaka kwa uwezo wa Mungu, akagonga mhuri.

Jumatatu shemeji alimpeleka binti yake Nairobi. Simu ya mpwa ilibaki kwa mama yake, maana waliambiwa laini yetu haitafanya kazi Amerika. Jumanne asubuhi shemeji alimwacha mtoto mlangoni pa uwanja wa ndege, mahali ambapo asiye na tiketi haruhusiwi kupita, akapiga simu kusema ameingia salama, akapanda basi la kurudi. Betri yake ikaisha kabla ya Nakuru. Hayo ndiyo yote tuliyojua.

Saa tatu kamili maombi yakaanza. Sitadanganya, yalikuwa mazuri. Wale kina mama walijua kuomba. Waliombea mabawa, magurudumu, macho ya rubani na ndoa ya rubani. Walipofika Sudani waliombea amani kwa machozi, na mmoja akamwombea kijana wao aliyekuwa dereva wa lori Juba, maana tulikuwa tumeshafika eneo hilo. Nami nilikaa pembeni na tufe magotini. Kila baada ya muda mzee aliniuliza, "Mwarimu, tuko wapi?" nami nikaweka kidole na kujibu. Nilijua masaa yake si sawa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza maishani watu wazima kuningoja niseme jambo la jiografia, na nikajikuta nasema, "Sasa tunaingia Libya," kwa sauti nzito, kama mimi ndiye niliyeshika usukani.

Saa mbili kasoro dakika kumi mzee alisimama, akatazama saa yake ya mkono, akainua mikono.

"Ametua!"

Vigelegele vikapasua nyumba. Dada yangu alikaa chini ghafla na kujifunika uso kwa leso. Nikatazama tufe. Kwa hesabu yangu mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuvuka Atlantiki, na watu waliokuwa wakimshikilia walikuwa wakinawa mikono. Kuku watatu waliletwa. Mzee alipewa firigisi, kama inavyostahili.

Alikuwa amelitia kinywani simu ilipolia. Namba ilikuwa ngeni. Dada alibonyeza, na kwa kuwa simu ile ilikuwa na kelele kuliko redio, sote tulisikia.

"Mami, ni mimi. Nimeomba mtu simu yake. Nataka tu kukuambia ndio tunaingia sasa."

"Mnaingia wapi, mami? Umefika?" dada akauliza.

"Nifike wapi? Kwa ndege. Ndio tunaingia kwa ndege."

"Ndege gani? Uko Amerika?"

"Mami, niko Nairobi."

Hakuna aliyetafuna.

"Tumekaa hapa tangu asubuhi," mpwa wangu aliendelea. "Kila saa wanasema nusu saa tena. Sikutaka kukushtua. Wametupa mkate na soda. Sijui shida ni nini, hawasemi. Mami, wananiita. Nitapiga nikifika Amsterdam. Mnaendelea kuomba?"

Dada yangu aliuzungusha uso wake katika sebule ile, kwa mzee, kwa kina mama, kwa mifupa mezani. "Ndiyo," akasema. "Tunaendelea."

Simu ikakatika. Mzee alimeza.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," wakajibu, kwa uchovu.

Akasema huo si ucheleweshaji, ni mpango. Akasema itabidi ratiba ianze upya, tena usiku huu huu, akauliza nani atachukua Ethiopia. Mama mmoja akakumbuka ndama mgonjwa. Mwingine alikuwa na kazi ofisi ya wilaya asubuhi na mapema. Yule wa kijana wa kompyuta alisema miguu inamuuma. Waliaga kwa upendo, wakamkumbatia dada yangu mmoja mmoja, wakamwambia Mungu halali. Mzee alitoka wa mwisho, akabeba ratiba yake akisema ataifanyia marekebisho. Katika robo saa, ule muda tuliokuwa tumeipa Kanada, nyumba ilibaki na sisi wawili na vyombo; shemeji bado alikuwa njiani.

Dada alikusanya sahani. Kisha akauliza, "Sasa niambie ile yako. Ukweli."

Nikamwambia. Masaa manane na dakika kumi mpaka Amsterdam, sasa hivi akiwa amepaa. Ile ndege ya pili imeshaondoka bila yeye, kwa hiyo atangoja nyingine, labda mchana kutwa. Halafu karibu tisa tena. Kwamba hatafika kesho, atafika keshokutwa kabla hakujakucha kwetu. Nilitarajia alie. Akasugua sufuria.

"Kesho twende Kachibora tukapure maharagwe," akasema. "Siwezi kukaa kwa hii nyumba nikihesabu."

Asubuhi tulikuwa shambani. Maharagwe yalikuwa yamelazwa juani kwenye turubai, na kila mmoja alichukua fimbo yake. Dada alifunga simu kiunoni kwa kitambaa. Kule mtandao haukushika ila mtu asimame juu ya kichuguu kilichokuwa mpakani mwa shamba, kwa hiyo kila baada ya muda aliweka fimbo chini, akapanda kichuguu, akasimama pale kama anayelinda shamba lisiingiliwe na nyani, akashuka. Alipura kwa nguvu. Hakuomba kwa sauti hata mara moja. Mimi, niliyekuwa nikijifanya mtaalamu tangu Jumapili, niligundua nina hofu. Kilomita elfu kumi na tatu zilikuwa rahisi nikiwa na uzi. Sasa kila nilipopiga fimbo nilimwona mtoto aliyezoea kunipa chai akiwa peke yake katika nyumba kubwa ya vioo, akisoma vibao.

Kama saa nne simu ilimlilia akiwa juu ya kichuguu. Nilikimbia.

"Nimefika Amsterdam," sauti ilisema, ndogo, ikienda na kurudi. "Ndege iliniacha. Wamenipa nafasi ya jioni. Nimenunua kadi ya simu, inaisha haraka."

Nilingoja dada aulize habari za njia, za Sudani, za bahari, za ile hatari yote tuliyoiombea kwa majina.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Viazi, Mami."

"Umelala?"

"Nililala kwa ndege. Hata sikuona kitu. Nimeamka tunatua."

Kadi ikaisha. Dada alishuka kichuguu, akaketi kwenye nyasi, miguu imenyooshwa mbele, na hapo ndipo alipolia, akicheka pia, akirudia, "Viazi. Ameenda mpaka Ulaya kula viazi." Siku ya pili yake, tukiwa tunakamua ng'ombe, mtoto alipiga tena kutoka kwa mwenyeji wake Minneapolis. Alikuwa amefika, na sanduku lake halikuwa limefika.

Jumapili mzee alitoa ushuhuda kanisani. Alisema ndege ile ilikuwa na ubovu mkubwa kwenye injini, na kwamba maombi ya kikundi chetu ndiyo yaliyoishikilia chini Nairobi masaa kumi na moja, mpaka ubovu ukaonekana. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za injini. Kanisa zima lilisimama na kupiga makofi. Kisha akasema, "Mwarimu wetu wa jiogulafia kutoka Bungoma yuko hapa. Yeye alikuwa akituonyesha njia. Asimame atusalimie."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu shambani: kuhusu saa za dunia, kuhusu kura, kuhusu watu walioaga mapema. Nikaona kina mama wale wakinitabasamia, yule wa kijana wa Juba akiwa mbele kabisa. Nikasema, "Bwana asifiwe," nikaketi, na hata mimi nikapigiwa makofi.

Dada alinisindikiza hadi stendi. Njiani aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Na mimi nikitaka kwenda kumwona, ni masaa hayo hayo?"

"Hayo hayo."

"Siwezi. Hata kuja kwako, na huu mgongo wangu!"

"Kuja kwangu ni masaa mawili," nikasema. "Na tangu nijenge hujawahi kuja."

Alisimama. Alinitazama, mwanamke aliyekuwa amevuka Sudani, Libya na Bahari ya Kati ndani ya siku moja bila kutoka sebuleni. Nadhani alikuwa akitafuta kisingizio: ng'ombe, au shule ya watoto, au mvua. Sikumsaidia.

"Si hata wewe," akasema hatimaye, "unakujanga tu ukiitwa."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na sikuwa na uzi wa kulipimia. Tuliagana. Mwezi wa kumi na mbili, bila kupiga simu, alitokea mlangoni kwangu Bungoma na mfuko wa parachichi, viatu mkononi, akilalamika kwamba barabara ni mbovu na kwamba hakuna mtu aliyemwambia kuwa ni mbali hivi. Alikaa siku nne.